Kutoka Isaka, reli iende wapi?

Ndugu wasikilizaji, juma hili naomba tuzungumze juu ya reli. Sina nia ya kuizungumzia ile ya Dar es Salaam na Dodoma, ambayo magazeti yameiandika mpaka wasomaji wameijua stesheni kwa stesheni. Nataka tuzungumzie kipande ambacho bado hakijajengwa. Reli ikishafika Isaka, ielekee wapi tena?

Swali hili ukiliuliza Kahama utapata jibu moja. Ukiliuliza Geita mjini utapata jibu lingine, na huenda ukajibiwa kwa hasira kidogo. Ukiwauliza wenye malori pale Rusumo mpakani watakujibu kwa kuangalia mifuko yao, na siwalaumu. Kila upande una hoja, na katika hoja zote hizo ipo moja inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko nyingine: kwamba reli iende Geita kwa sababu Geita kuna dhahabu. Hoja hiyo ndiyo nitakayoishughulikia zaidi leo, maana naona inapendwa sana na haijapimwa kwenye mizani.

Kwanza tukumbushane tulivyofika hapa. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka huohuo wa 1914 Wajerumani walikuwa wamekwisha kuanza kazi ya tawi la kutoka Tabora kuelekea Rwanda. Vita Kuu ikaanza, kazi ikafa. Kwa hiyo ndugu zangu wanaodhani kwamba wazo la reli ya Rwanda ni la jana wajue kuwa lina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Waingereza walipoichukua nchi hawakuendelea na tawi lile. Waliigeuza reli ikaelekea kaskazini, Tabora hadi Shinyanga na kisha Mwanza, ambako ilifika mwaka 1928. Sababu yao ilikuwa pamba ya Usukuma. Tangu reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, mazao ya kandokando ya Ziwa Victoria yalikuwa yakipakiwa melini hadi Kisumu, kisha yakaenda Mombasa. Dar es Salaam ilikuwa ikikosa mzigo wa nchi yake yenyewe. Reli ya Mwanza ilijengwa kuufuata mzigo huo. Nasisitiza neno hilo, mzigo, kwa sababu tutalirudia.

Isaka wakati huo ilikuwa stesheni kama stesheni nyingine za njiani. Kilichoikuza ni barabara. Barabara kuu ya kwenda Kahama, Ushirombo, Nyakanazi hadi Rusumo inaikaribia reli pale, na ndiyo maana ikawekwa bandari kavu. Shehena ya Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo inatoka bandarini kwa treni, inafika Isaka baada ya karibu kilometa 1,000, kisha inapandishwa kwenye malori. Mtu asiyejua akipita pale huona makontena na vumbi tu. Lakini pale ndipo reli ya Tanzania inapokoma kwa nchi za jirani.

Sasa imekuja reli mpya, ile ya upana wa milimita 1,435, wakati ya zamani ina milimita 1,000. Inatumia umeme, na imeundwa kubeba abiria kwa mwendo wa kilometa 160 kwa saa na mizigo kwa kilometa 120. Abiria walianza kupanda Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata wakafika Dodoma. Huku kwetu, kipande cha Mwanza na Isaka kilitiwa saini Januari 2021 na kampuni za Kichina, na Rais Samia Suluhu Hassan akaweka jiwe la msingi Juni mwaka huohuo. Kina urefu wa kilometa 341 ukihesabu na njia za kupishania, na bei yake ilitajwa kuwa dola bilioni 1.32. Tabora hadi Isaka ilipewa mkandarasi wa Kituruki. Kutoka Tabora kwenda Kigoma nako mkataba ulitiwa saini Desemba 2022, na Januari 2025 ukafuata ule wa Uvinza hadi Musongati nchini Burundi.

Angalieni hapo. Burundi imepata njia yake kupitia Uvinza. Rwanda ilitia saini makubaliano na Tanzania mwaka 2018 ya kuijenga reli ya Isaka hadi Kigali, kilometa zaidi ya 500, na ndiyo hiyo ambayo watu wa Kahama wanaisubiri. Geita haimo katika orodha hii kwa jina. Manung'uniko yanaanzia hapo.

Na manung'uniko hayo yana msingi. Mkoa wa Geita ulizaliwa Machi 2012, ukakatwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu milioni 1.7, ya mwaka 2022 ikahesabu karibu milioni 3. Shinyanga ina milioni 2.2. Mkoa unaokua kwa kasi hiyo, wenye mgodi mkubwa kuliko yote ya dhahabu nchini, hauna hata futi moja ya reli. Mwananchi wa Katoro au Nyarugusu akiuliza kwa nini, huwezi kumjibu kwa kumwambia asubiri.

Lakini tuiweke dhahabu kwenye mizani kama nilivyoahidi. Mgodi wa Geita, uliofunguliwa upya mwaka 2000, umekuwa ukitoa kiasi cha wakia nusu milioni kwa mwaka katika miaka hii ya karibuni. Wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Zidisha, utapata tani 15 na nusu. Behewa moja la reli ya zamani, hii tunayoiita mbovu, hubeba mzigo mzito kuliko huo mara mbili. Na kwa sababu dhahabu ni nzito kwa ujazo wake, hiyo ya mwaka mzima, kama ingekuwa dhahabu tupu, haifiki mita moja ya ujazo. Ingetosha chini ya meza ninayoandikia. Tena haisafiri kwa treni wala kwa lori. Husafiri kwa ndege, na walinzi.

Msikilizaji atasema: na yale mawe je? Mawe hayaendi popote. Katika tani moja ya mawe hupatikana gramu chache tu za dhahabu, kwa hiyo hakuna mwenye akili atakayelipa nauli ya tani nzima. Mawe husagwa palepale mgodini, na masalia hubaki palepale. Kidogo kinachofanana na mzigo ni makinikia ya Bulyanhulu, kwa kuwa dhahabu ya pale imechanganyika na shaba. Hayo husafirishwa kwa makontena, na wote tunayakumbuka yale 277 yaliyozuiwa bandarini mwaka 2017. Lakini hata hayo ni makontena ya kuhesabika.

Kinachokwenda migodini ndicho kizito: dizeli, chokaa, saruji, sianidi, baruti, mipira ya chuma ya kusagia mawe, matairi yanayomzidi mtu kimo. Huo ni mzigo wa kweli, sikatai. Ila ni mzigo wa upande mmoja. Treni inayokwenda imejaa na kurudi tupu hulipisha nauli ya safari mbili kwa mzigo wa safari moja, na dereva yeyote wa lori anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa chuoni.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa migodi wanalijua lakini hawalisemi sana. Mgodi hufa. Geita ilikuwa na mgodi mkubwa tangu mwaka 1936. Ulifungwa mwaka 1966, na kwa miaka zaidi ya 30 pakawa kimya. Buzwagi, pale Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009 na uchimbaji ukaisha mwaka 2021. Miaka 12. Mtoto aliyezaliwa siku ya ufunguzi hakuwa hata amemaliza shule ya msingi. Reli ya Kigoma ina zaidi ya miaka 110 na bado inabeba watu. Ukijenga kitu cha miaka mia kwa ajili ya kitu cha miaka 12, ni lazima ujiulize ile 88 iliyobaki itabeba nini.

Tunao mfano wetu wenyewe, na nashangaa hautajwi. Baada ya Vita Kuu ya Pili palijengwa tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, karibu kilometa 210, kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira. Lilifunguliwa mwaka 1950. Mgodi ukafungwa mwaka 1960. Kwa hesabu ya mhasibu, reli ile ilikuwa imekwisha kazi baada ya miaka kumi tu. Lakini haikung'olewa. Palikuwa na tumbaku, palikuwa na mahindi, na zaidi ya yote palikuwa na watu ambao wakati wa mvua hawakuwa na njia nyingine ya kutoka. Kwa wenyeji wa Mpanda treni ile imekuwa barabara, imekuwa basi na imekuwa soko.

Mfano wa Mpanda unasema mambo mawili kwa wakati mmoja, na wajanja wa kila upande huchukua nusu wanayoipenda. Unasema kuwa mgodi hautoshi kuwa sababu ya reli. Unasema pia kuwa reli ikishapata watu na mazao huweza kuishi bila mgodi. Na kwa wanaodhani reli haiwezi kung'olewa, nawakumbusha ile ya Kusini iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Nachingwea. Karanga hazikuota kama ilivyotazamiwa, reli ikakosa mzigo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 vyuma vikang'olewa.

Sasa tufanye hesabu ndogo, maana maneno matupu hayajengi tuta. Bei ya Mwanza na Isaka, dola bilioni 1.32 kwa kilometa 341, ni karibu dola milioni 3.9 kwa kilometa moja. Tuseme tawi la kutoka Isaka kupitia Kahama hadi Geita litakuwa na kilometa 200 ukihesabu na njia za kupishania. Kwa bei hiyohiyo utahitaji zaidi ya dola milioni 770. Tuseme tena umezikopa kwa riba ya asilimia 5. Riba peke yake, kabla hujarudisha hata senti ya mkopo, ni karibu dola milioni 39 kwa mwaka. Ikiwa kila tani inayosafiri njia nzima inakuachia dola 5 baada ya kulipa umeme, mishahara na matengenezo, utahitaji tani milioni 7 na nusu na ushee kila mwaka ili ulipe riba tu. Kwa treni za tani 2,000, hizo ni treni zaidi ya kumi zilizojaa, kila siku, Jumapili na sikukuu. Unaweza kubishana nami juu ya riba au juu ya zile dola 5. Zipunguze au ziongeze upendavyo. Bado hutazipata treni kumi kwa siku kutoka katika dizeli na chokaa za migodi.

Hapa ndipo njia ya Rusumo inapoonyesha nguvu yake. Kwanza, mzigo upo tayari. Unaonekana kila siku kwenye malori yanayokata katikati ya Kahama. Pili, kule Ngara kuna nikeli ya Kabanga, ambayo mkataba wake na Serikali ulitiwa saini Januari 2021, na imepangwa isafishwe Kahama palepale Buzwagi. Nikeli hupimwa kwa maelfu ya tani, tofauti na dhahabu inayopimwa kwa wakia. Huo ni mzigo unaoitaka reli kwa asili yake. Tatu, kuna mpunga wa Kahama, mahindi na tumbaku ya Bukombe na Ushetu, na ng'ombe. Mazao hayo yanarudi upande ule ambao mafuta na saruji vinatoka, na hiyo ndiyo dawa ya treni tupu.

Na hili nawaambia hasa ndugu zangu wa Geita: njia ya Rusumo, ikifuata ukanda wa barabara kuu, inapita ndani ya mkoa wenu. Mbogwe ni Geita. Bukombe ni Geita. Stesheni ikiwekwa Ushirombo au Runzewe, mkoa utakuwa umepata reli, ingawa mji wa Geita utakuwa umeachwa kaskazini. Najua watu wa mjini hawatalipenda jibu hili. Lakini mji wa Geita umepata kitu kingine. Daraja la Kigongo na Busisi, linaloitwa kwa jina la Rais John Magufuli, lilifunguliwa Juni 2025. Lina urefu wa kilometa 3 na limeondoa kile kivuko kilichokuwa kikiwalaza watu foleni, na wagonjwa wakiwamo. Tangu hapo Geita ni jirani wa Mwanza, na Mwanza ndiko reli mpya inakofikia. Lori la saa chache kutoka stesheni kubwa si sawa na stesheni mlangoni, lakini halidai dola milioni 770.

Wapo wanaosema kuwa naongea kama mhasibu, na kwamba dhahabu ya Geita imejenga barabara za wengine. Nakubaliana nao kuhusu madai, sikubaliani nao kuhusu malipo. Kama Geita inaidai nchi, na naamini inaidai, basi ilipwe kwa kitu kitakachowafaa watu wengi zaidi: maji ya bomba mjini, barabara za lami kwenda Nyarugusu na Rwamgasa, umeme kwa wachimbaji wadogo wanaochenjua kwa jenereta. Ukimlipa mtu deni lake kwa kumpa tembo, usishangae akishindwa kumlisha.

Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha pia hatari ya kwenda kabla ya mzigo na kabla ya fedha. Reli yao mpya ilianza Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017. Mwaka 2019 ikasogezwa hadi upande wa Naivasha, na mikopo ilipokauka ikasimama hapo kwa miaka, mbali na mpaka wa Uganda ambao ndio ulikuwa shabaha. Shehena ya Uganda ikawa inabadilishwa njiani. Sisi nasi tunao ugonjwa wa kupenda kuzindua ncha kabla shina halijakomaa. Reli ya upana mpya ikitoka Isaka kwenda magharibi wakati sehemu ya katikati bado, treni zake zitakuwa kama mtumbwi kwenye bwawa. Na shina lenyewe lina udhaifu wa zamani: mafuriko ya Kilosa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalizoa tuta, na nchi nzima ya magharibi ikakaa bila treni kwa miezi. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: kwanza shina likamilike mpaka Isaka na Mwanza, kisha Isaka hadi Kahama, kisha Rusumo. Geita iwekewe akiba ya ardhi tu kwa sasa.

Nimesema Isaka hadi Kahama kama hatua ya peke yake, na nina sababu. Umbali wake haufiki kilometa 50. Kahama ni mji wa biashara unaokua kuliko miji mingi ya mikoa, na bandari kavu inaweza kupanuliwa kuelekea huko. Hata kama Kigali itachelewa miaka kumi, kipande hicho hakitakaa bure.

Yapo mambo mawili ambayo wataalamu huyapitia haraka na sisi hatupaswi kuyapitia haraka. La kwanza ni udongo. Anayeijua Shinyanga anazijua mbuga, ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi mpaka ng'ombe anaingiza mguu. Tuta la reli haliwezi kulazwa juu yake hivihivi. Ni lazima udongo ule uondolewe na uletwe mwingine, na hapo ndipo bei ya kilometa hupanda. Njia ikinyooshwa ofisini kwa rula bila kuziangalia mbuga, tutazilipa mara mbili.

La pili ni watu. Ukanda wa reli ukitajwa tu, mwenye shamba husimamisha kila kitu. Hapandi miembe, hajengi, benki haimkopeshi, na mwanawe anayetaka kuoa anaambiwa angoje. Nyumba ikishapigwa alama ya X, hata kuipaka chokaa inaonekana upuuzi. Kanuni za ardhi zinasema fidia ilipwe mapema, na ikipita miezi sita ilipwe na riba. Huko vijijini wangapi wanaijua kanuni hiyo? Kabla ya kutuletea michoro ya njia tatu au nne, naomba Shirika la Reli litueleze njia ipi imeachwa kabisa, ili watu wa huko warudi kwenye majembe yao. Kuwaacha wa njia zote wangoje kwa ajili ya njia moja ni kuwaadhibu watu kwa ramani.

Na stesheni ya Kahama iwe wapi? Swali hili linafanana na dogo, lakini ninyi wa mjini ndio litakalowagusa. Dar es Salaam, ile treni ya mjini iliyoanza Oktoba 2012 ilijaa tangu siku za mwanzo kwa sababu ilipita watu wanapokaa na kuishia wanapofanya kazi. Nairobi, stesheni kubwa ya reli mpya iko Syokimau, mbali na katikati ya jiji, na abiria hulazimika kupanda treni nyingine ya pili. Kahama bado ina nafasi ya kuchagua. Viwanja vilivyo jirani na soko na stendi ya mabasi vinazidi kujengwa kila mwezi. Halmashauri ya Manispaa haihitaji kuisubiri Dodoma wala Kigali ili itenge eneo la stesheni leo, ipime, iweke mawe, na iwalipe wenyewe wakati bei ya kiwanja bado inalipika.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya bei ya pamba na mizani ya vijijini.